Misingi ya mitandao ya kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza

Nianzie wapi? Kila somo ninalofungua linaanza na tabaka saba za OSI (mfano unaogawa kazi za mtandao katika ngazi saba), na usingizi unanishika.

Anza na kompyuta iliyo mbele yako. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `ipconfig /all`. Kwenye Linux andika `ip addr`, halafu `ip route`. Maandishi yatatoka mengi, lakini unatafuta vitu vinne tu: anwani ya IP, maski ya sabneti, lango kuu na seva ya DNS. (Linux huweka ya DNS kando, itafute kwa `resolvectl status` au ndani ya faili la `/etc/resolv.conf`.) Ziandike kwenye karatasi. Zitafanana na hizi:

anwani: 192.168.1.23
maski: 255.255.255.0
lango kuu: 192.168.1.1
DNS: 192.168.1.1

Ya kwanza inasema wewe ni nani. Ya pili inasema jirani zako ni akina nani. Ya tatu inasema mzigo wa kwenda mbali umkabidhi nani, na ya nne inasema umuulize nani ukiwa na jina lakini hujui mwenyewe anapatikana wapi. Ukizielewa hizo nne vizuri umeshapata sehemu kubwa ya misingi, na matatizo mengi ya mtandao mdogo yana mzizi kwenye mojawapo. Tabaka saba ziache kwanza. Zitakuja, na zikija zitakukuta una kitu cha kuzitundikia.

Lazima nijue kuandika programu au hesabu ngumu?

Hapana. Hesabu inayohitajika ni kuzidisha na kugawa kwa mbili: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Zijue kwa moyo. Kuandika programu kutakufaa siku utakapokuwa na swichi mia za kusimamia.

Kwa nini kompyuta ina anwani mbili, ya IP na ya MAC? Moja haitoshi?

Zina kazi tofauti. Anwani ya MAC ni biti 48, huandikwa kwa tarakimu 12 za heksadesimali (0 hadi 9 na A hadi F) kama `00:1A:2B:3C:4D:5E`, na kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani. (Simu nyingi za siku hizi hujitungia MAC ya bahati nasibu kwenye Wi-Fi kwa ajili ya faragha, kwa hiyo usishangae ukiona haifanani na iliyoandikwa kwenye boksi.) Anwani ya IP hutegemea mahali ulipo. Ukihamia mtandao mwingine unapewa nyingine.

MAC hutumika kufikisha mzigo kwa jirani wa hatua moja tu. IP hutumika kwa safari nzima. Pakiti (kifurushi cha data chenye IP) ikipita ruta kumi, MAC kwenye bahasha hubadilishwa katika kila ruta, ilhali IP ya mwisho wa safari inabaki ileile. Andika `arp -a` uone orodha ambayo kompyuta yako imejitengenezea: IP hii iko kwenye MAC hii.

Swichi na ruta vina tofauti gani? Kisanduku changu cha nyumbani ni kipi kati ya hivyo?

Swichi inaunganisha vifaa vya mtandao mmoja. Inasoma MAC ya mtumaji kwenye kila fremu (bahasha yenye MAC inayobeba pakiti) inayoingia, inaandika "huyu yuko poti ya 3", yaani tundu la 3, na baadaye fremu ya kwenda kwake inaipeleka poti ya 3 peke yake. Ikiwa haijamjua mpokeaji bado, inairusha kwenye poti zote isipokuwa ile iliyotokea. Ruta inaunganisha mitandao tofauti. Yenyewe inatazama IP ya mwisho na kuamua njia.

Kisanduku cha nyumbani ni vyote kwa pamoja: ruta, swichi ndogo, kituo cha Wi-Fi, seva ya DHCP (inayogawa anwani za IP), na mara nyingine modemu. Ndiyo maana kinawachanganya wanaoanza. Unapojifunza, kichore kwenye karatasi kama vifaa vinne vilivyounganishwa, si kimoja.

Hasa hasa kinatokea nini nikifungua tovuti?

Hili ndilo swali la kukaa nalo muda mrefu. Tuchukue kompyuta ile ya 192.168.1.23.

Umeandika jina la tovuti. Kompyuta haijui jina, inajua namba, kwa hiyo inataka kuiuliza DNS iliyoko 192.168.1.1, poti ya 53 (hapa poti ni namba ya huduma ndani ya kompyuta, si tundu la swichi). Inalinganisha na maski na kuona 192.168.1.1 ni jirani. Lakini kwa jirani kunahitajika MAC. Basi inapiga kelele kwa mtandao mzima, fremu ya kwenda `FF:FF:FF:FF:FF:FF`: "Nani mwenye 192.168.1.1? Mwambie 192.168.1.23." Hiyo ndiyo ARP. Ruta peke yake inajibu kwa MAC yake, na sasa swali la DNS linaweza kuondoka.

Jibu linarudi, tuseme 203.0.113.80. Kompyuta inalinganisha tena na maski: huyu si jirani. Basi mzigo unapitia lango kuu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: kompyuta haiandiki IP ya ruta kwenye pakiti. Inaandika IP ya mwisho 203.0.113.80, lakini MAC inayowekwa kwenye fremu ni ya ruta. Soma sentensi hiyo mara mbili. Ukiielewa, umeelewa kwa nini kuna anwani mbili.

Ruta inaivua fremu, inapunguza TTL (hesabu ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita) kwa 1, inatazama jedwali lake la njia, inaivisha fremu mpya na kuituma mbele. Kila ruta njiani inafanya hivyo hivyo. TTL ikifika 0 pakiti inatupwa, na amri ya `tracert` (au `traceroute`) inatumia kanuni hiyo hiyo: inatuma pakiti zenye TTL ya 1, 2, 3 na kuendelea, na kila ruta inayozitupa inajitaja.

Upande wa pili ukifikiwa, kompyuta na seva zinasalimiana kwa TCP kwenye poti ya 443 kwa hatua tatu: SYN, SYN-ACK, ACK. Kisha zinakubaliana jinsi ya kuficha mazungumzo, halafu ndipo ukurasa unapoombwa.

Yaone haya kwa macho. Sakinisha Wireshark, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti, anza kunasa, weka kichujio `arp or dns or tcp.port == 443`, kisha fungua tovuti. Usipoiona DNS, kuna sababu mbili za kawaida: jibu lilikuwa limehifadhiwa (lifute kwa `ipconfig /flushdns`), au kivinjari chako kinatumia DNS iliyofichwa. Kwa hilo la pili, andika `nslookup` na jina la tovuti kwenye dirisha la amri, swali litaonekana.

Maski ya sabneti inafanyaje kazi? Hapa ndipo ninapokwama kila mara.

Anwani ya IPv4 ni biti 32, zimekatwa mafungu manne ya biti nane. Maski inasema biti ngapi za mwanzo ni jina la mtandao. 255.255.255.0 ni moja 24 zikifuatiwa na sifuri 8, kwa hiyo huandikwa /24. Biti 8 zilizobaki zinatoa anwani 256. Ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote, zinabaki 254 za vifaa.

Kwa maski nyingine tumia ujanja huu: toa namba ya fungu linalobadilika kutoka 256. Jibu ndilo ukubwa wa kila kipande.

Mfano: 192.168.10.77/26. Maski ya /26 ni 255.255.255.192 (biti mbili za mwanzo za fungu la nne: 128 + 64). 256 − 192 = 64. Vipande vinaanza 0, 64, 128, 192. Namba 77 imeangukia kati ya 64 na 128. Basi mtandao ni 192.168.10.64, anwani ya kutangazia ni 192.168.10.127, na vifaa vinatumia .65 hadi .126, yaani 62.

Fanya mifano ishirini kwa mkono kabla ya kugusa kikokotoo cha mtandaoni. Ukianza na kikokotoo hutajifunza kamwe.

Makosa yenyewe hutokea hivi. Kompyuta mbili ziko kwenye swichi moja, moja 192.168.10.77/26, nyingine 192.168.10.130/26. Kebo nzima, taa zinawaka, lakini haziongei, kwa sababu kila moja inaamini mwenzake yuko mbali na inatafuta lango kuu. Au kinyume chake: mtu ameandika 255.255.0.0 mahali pa 255.255.255.0. Intaneti inafunguka kama kawaida, lakini mashine hiyo haiwezi kufikia printa ya 192.168.5.20 iliyo upande wa pili wa ruta. Inadhani printa ni jirani, inapiga kelele za ARP, na kwa kawaida hakuna anayejibu.

Anwani yangu inaanza na 169.254. Ni ya nini?

Kompyuta imeomba anwani kwa DHCP, haikujibiwa, ikajitungia. Kwa kawaida kuna mazungumzo ya hatua nne: kompyuta inatafuta seva, seva inapendekeza anwani, kompyuta inaiomba, seva inathibitisha. Angalia kebo au Wi-Fi kwanza, kisha kama DHCP imewashwa kwenye ruta, kisha kama anwani za kugawa zimekwisha. Halafu `ipconfig /release` na `ipconfig /renew`.

Kuna ndugu yake mbaya zaidi: umepata anwani, lakini si ya familia uliyoizoea. Mtandao wako ni 192.168.1.x na wewe umepewa 192.168.0.x. Mara nyingi kuna mtu amechomeka ruta nyingine ya nyumbani kupitia poti yake ya LAN ili apate matundu zaidi, na DHCP yake nayo inagawa anwani. Anayejibu haraka ndiye anayeshinda, ndiyo maana tatizo linawapata wengine na kuwaacha wengine. Zima DHCP ya kile kifaa cha pili, au kiondoe.

Kwa nini kompyuta inasema 192.168.1.23 na tovuti za kupima zinanionyesha namba nyingine kabisa?

Kwa sababu ya NAT. Anwani za 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 zimetengwa kwa matumizi ya ndani na hazipiti kwenye intaneti. Ruta inazibadilisha kuwa anwani moja ya nje na kukumbuka kwa namba ya poti nani aliomba nini. Ndiyo maana kamera ya ndani haifikiki kutoka nje mpaka uipangie poti kwenye ruta.

TCP na UDP: nitumie lugha gani rahisi kuzitofautisha?

TCP inahesabu kila kitu, inasubiri uthibitisho na kutuma tena kilichopotea. UDP inatuma na kuendelea na safari yake. Simu ya sauti hupendelea UDP, maana neno lililochelewa sekunde mbili halina faida tena. Poti za kukumbuka mapema: 22 SSH, 53 DNS, 67 na 68 DHCP, 80 HTTP, 443 HTTPS. Nyingine utazijua ukizihitaji.

Basi hizo tabaka saba nizikariri au nisizikariri?

Zikariri, lakini ujue hali yake. Mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ulihamia TCP/IP tarehe 1 Januari 1983. Mfano wa OSI ulichapishwa rasmi 1984. Intaneti haikujengwa juu ya OSI. Kilichobaki ni namba zake, na mafundi huzitumia kila siku: tabaka la 1 ni waya na mawimbi, la 2 ni MAC na swichi, la 3 ni IP na ruta, la 4 ni TCP na UDP, la 7 ni programu. La 5 na la 6 utayasikia zaidi kwenye mitihani. Mtu akikwambia "hilo ni tatizo la tabaka la kwanza", ana maana ukaangalie kebo.

Ninataka kubana kebo mwenyewe. Utaratibu ni upi, na kwa nini ya kwangu inasumbua?

Chuna ganda la nje kama sentimita 3. Nyoosha waya nane na uzipange kwa mpangilio wa T568B, kichwa cha RJ45 kikiwa kimekugeuzia mgongo (kilimi kiko chini, matundu ya waya yanakutazama), kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zikate sawasawa zibaki kama milimita 13. Zisukume hadi uone shaba ikigusa mwisho wa kichwa, na ganda la nje liwe limeingia ndani kiasi cha kubanwa na kile kipande cha plastiki. Ganda likibaki nje, kebo itachomoka baada ya wiki chache za kuvutwavutwa. Kisha bana kwa koleo lake.

Angalia kijani: kimoja kiko 3, kingine 6. Wanaoanza huona mpangilio huo wa ajabu na "kuurekebisha", wakaweka rangi mbili mbili kwa kufuatana ncha zote mbili. Testa ya bei rahisi inawasha taa zote nane kwa mpangilio, kwa sababu kila waya kweli umefika. Lakini mtandao hutumia 3 na 6 kama jozi iliyosokotwa pamoja, na wewe umezitenganisha. Kila mmoja unasokotana na mgeni na kuokota kelele. Kipande cha mita moja kinaweza kufanya kazi, cha mita thelathini kikagoma au kikadondosha pakiti. Hili huwapotezea watu siku nzima.

Dalili nyingine: kebo inafanya kazi lakini kwa 100 Mbps badala ya 1000. Kasi ya 100 hutumia waya 1, 2, 3 na 6 peke yake. Ya 1000 hutaka zote nane. Basi mmoja kati ya 4, 5, 7 na 8 haujashika. Kata kichwa, bana upya.

Urefu usizidi mita 100 kati ya kifaa na swichi. Kebo ya daraja la Cat5e inabeba Gbps 1 kwa umbali huo bila shida. Epuka kebo za alumini iliyopakwa shaba, hata zikiuzwa kwa jina la Cat6.

Wi-Fi inaonyesha mistari yote imejaa lakini mtandao unajikokota. Kwa nini?

Mistari inapima nguvu ya mawimbi, haipimi msongamano. Kwenye chaneli moja vifaa huongea kwa zamu, pamoja na vya jirani ambavyo huvijui. Kwenye 2.4 GHz chagua chaneli ya 1, 6 au 11 tu, hizo hazigongani. Anayeweka 3 "kwa sababu iko tupu" anagongana na 1 na 6 kwa pamoja. Kifaa kikiwa karibu, hamia 5 GHz. Programu za kupima zitakuonyesha dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: karibu −50 ni nzuri sana, −67 inatosha hata kwa simu za sauti, −80 usitegemee.

Kabla ya kulaumu Wi-Fi, chomeka kebo upime tena. Ikiwa hali ni ileile, tatizo liko nyuma ya ruta.

Nimelipia 100 Mbps lakini faili linapakuliwa kwa 12 tu. Nimeibiwa?

La. Mbps ni biti, programu ya kupakua inaonyesha baiti. 100 gawanya kwa 8 ni 12.5, toa gharama ya bahasha za pakiti, unabaki na chini kidogo ya 12.

Intaneti imekatika. Nianze kukagua wapi?

Kutoka kwako kwenda nje, hatua kwa hatua, bila kuruka. Kwanza taa ya poti na `ipconfig`. Kisha `ping` lango kuu, yaani litumie pakiti ndogo uone kama linajibu. Kisha `ping 1.1.1.1`, seva ya umma iliyoko nje kwenye intaneti. Kisha `nslookup` jina lolote.

Lango likigoma, tatizo liko ndani. Lango likijibu na 1.1.1.1 ikagoma, liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Namba ikijibu na jina likagoma, ni DNS. Hii ndiyo ile hali ya "WhatsApp inaingia, kivinjari kinakataa".

Soma majibu yenyewe. Windows ikisema `Destination host unreachable` na aliyejibu ni anwani yako mwenyewe, ARP haikujibiwa: huyo jirani hayupo au kebo imekatika. Ikisema `Request timed out`, pakiti imeondoka ila jibu halikurudi. Na usimhukumu mtu kwa ping pekee, kwani fayawoli ya Windows mara nyingi huizuia hata mashine ikiwa hai na nzima.

Nilichomeka kebo ya pili kati ya swichi mbili ili kasi iongezeke, mtandao wote ukafa. Nini kilitokea?

Umetengeneza mzunguko. Fremu za kutangazia wote hutoka kwa kebo moja na kurudi kwa nyingine, zikizaana. Pakiti za IP zina TTL ya kuziua. Fremu za tabaka la 2 hazina. Dalili ni taa za poti zote kumweka kwa pamoja kama zimepagawa. Chomoa kebo moja, na mtandao utapumua ndani ya sekunde chache. Swichi za kusimamiwa zina itifaki ya STP inayofunga njia ya ziada. Nyingi za bei rahisi hazina.

IPv6 nijifunze sasa?

Baada ya IPv4 kukukaa. IANA, shirika linalosimamia ugawaji wa anwani duniani, iligawa mafungu yake ya mwisho ya IPv4 Februari 2011, kwa hiyo IPv6 huikwepi. Ina biti 128, na anwani inayoanza na `fe80` ni ya ndani ya kiungo hicho tu. Usiizime kwa sababu tu umeona video fulani inayosema kuizima kunaongeza kasi.

Nafanyaje mazoezi bila vifaa?

Packet Tracer ya Cisco ni ya bure ukijisajili, na inatosha kwa miezi kadhaa. Weka kompyuta mbili na swichi, zipe anwani mwenyewe, zifanye zipigiane `ping`. Ongeza ruta na sabneti ya pili. Washa hali ya kutazama pakiti hatua kwa hatua, na kabla ya kubonyeza kitufe cha mbele sema mwenyewe: MAC ya kwenda itakuwa ipi, IP itakuwa ipi. Ukikosea, simama hapo hapo utafute sababu.

Kisha haribu kwa makusudi. Badilisha maski ya mashine moja, futa lango kuu ya nyingine, wape wawili anwani moja, na uandike dalili ya kila kosa kwenye daftari. Mwombe mtu mwingine aharibu bila kukwambia alichofanya, wewe utafute kwa `ping`, `arp -a` na `ipconfig` tu.